Git na mega zetu: namna ya kuvuta kipande tu, na kukivuta mbio

Kila mwanafunzi wa informatike hapa mashariki anaijua hii shida. Profesa amesema: mukavute kodi ya programu fulani, muisome, mubadilishe kitu kimoja, murudishe. Mutu ananunua giga moja, anaandika amri ya git clone, anangojea. Asilimia 10, asilimia 40, asilimia 70. Ku asilimia 85 mutandao unakatika, ao umeme unaenda. Anaanza tena, na Git inarudi ku sifuri. Giga imekwisha na hakuna hata faili moja mu mashini.

Wengi wanasema ni makosa ya kampuni ya simu. Mara zingine ni kweli. Lakini sehemu kubwa ya ile shida inatoka mu namna Git yenyewe inatumika, na njo maana kuko dawa yenye haingojee kampuni ya simu ibadilike. Tangu mwaka 2018 Git iko na njia ya kuvuta kipande tu cha kazi, na tangu mwezi wa Machi 2025 iko na amri mupya ya kuvuta vile vipande vingine mbio, kwa mafungu. Vitabu vingi vya wenye wanaanza vinaonyesha tu git clone ya kawaida, ile yenye inameza kila kitu. Tuangalie basi namna mambo yanaenda ndani, juu mutu mwenye hajue ndani atapoteza mega hata akiwa na amri nzuri.

Sababu gani inaleta kila kitu

Kwa musomaji mwenye hatumike mu hii kazi: Git ni daftari ya kumbukumbu ya programu. Kila mara mutu anabadilisha kitu, Git inaandika nani alibadilisha, siku gani, na faili zilikuwa namna gani. Watu mia moja wanaweza kutumika pamoja bila kufutiana kazi, na mutu anaweza kurudi nyuma mupaka siku ya kwanza.

Ilianzishwa mu mwezi wa Aprili 2005 na Linus Torvalds, yule mutu wa Finland mwenye alianzisha Linux. Wakati ule watu wa Linux walikuwa wanatumia programu ingine, BitKeeper, na mwenyewe akaondoa ruhusa ya kuitumia bure. Torvalds akaandika yake kwa siku chache. Tangu mwezi wa Julai mwaka ule ule, ni Junio Hamano njo anaisimamia mupaka leo.

Mu mawazo yao, kila mutumishi alipaswa kuwa na kila kitu kwake: faili za leo na historia yote. Hakuna haja ya kuuliza seva kwa kuangalia kitu cha miaka tatu iliyopita. Kwa upande wetu ile wazo iko na uzuri wake. Mutu mwenye amekwisha kuvuta anaweza kwenda mu kijiji chenye hakuna mutandao, akatumika wiki mbili, akarudi muji na kutuma. Lakini bei inalipwa siku ya kwanza, yote mara moja, na kwa mega.

Na si kazi ya watu wa programu peke yao. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, ile yenye ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakakufa. Wataalamu wa INRB ya Kinshasa walikuwa wanasoma virusi kutoka kwa wagonjwa wetu, na matokeo yao yaliwekwa wazi kupitia Nextstrain mu depo ya GitHub yenye jina ebola-nord-kivu. Mutafiti wa Butembo mwenye alitaka kufuata namna ugonjwa unatembea alipitia mulango ule ule wa Git.

Vitu vitatu mu depo moja

Nimesema depo. Wenye walisoma Kifaransa wanaita vile, na jina linafaa, hata kama hapa kwetu depo ni ya bia. Fikiri depo ya kweli, na mwenye depo anaandika daftari.

Ya kwanza ni mistari ya daftari: tarehe hii, fulani, amefanya hivi. Wenyewe wanaiita komiti, lakini haihusu komite ya mutaa. Hapa nitaiita hatua. Kila hatua ni maandishi kidogo sana.

Ya pili ni orodha za etajeri: mu dosie hii kuko faili hizi na zile. Wanaita orodha ile muti, juu dosie inazaa dosie kama matawi.

Ya tatu ni bidhaa zenyewe, ni kusema maneno yenye iko ndani ya faili, ao picha, ao sauti. Jina lao ni bloba. Faili ikibadilishwa mara 200, kuko bloba 200.

Kila kimoja kiko na jina la herufi na tarakimu 40, lenye linahesabiwa kutoka ku vitu vyenye viko ndani. Hili jina halidanganye: kitu kikibadilika hata nukta moja, jina linabadilika. Kwa hiyo mashini yako inaweza kuambia seva "niletee kile chenye jina hili" bila kosa, hata kesho, hata mwaka kesho. Bila hii, kuvuta kwa vipande hakungewezekana.

Na uzito uko wapi? Karibu kila mara uko ku bloba. Hatua na miti ni vitu vyepesi. Picha za zamani zenye mutu aliweka na kufuta, faili ya sauti yenye mutu alisahau mu dosie, matoleo mia ya faili moja kubwa: hivyo njo vinakula giga. Na kufuta hakusaidie, juu historia inachunga. Najua ofisi zenye ziliweka emisio nzima za sauti mu Git. Wale watoto wao wa stage wanalipa mupaka leo.

Na kukatika ku asilimia 85? Ni kwamba seva haina faili moja tayari yenye inakutumia. Inakufungia muzigo palepale, kufuatana na vile umeomba. Ndani inabana vitu: toleo moja la faili linaandikwa lote, mengine yanaandikwa kama tofauti tu na lile la kwanza. Ukirudi kuomba, inaweza kufunga kwa namna ingine, basi haiwezi kusema "tuendelee pale tuliachia". Ule muzigo nusu hauna mulango, Git inautupa.

Njia fupi ya kwanza: kukata historia

Dawa ya zamani ni kuomba hatua ya mwisho tu:

git clone --depth 1 ANWANI

Unapata faili za leo, bila nyuma. Kwa mutu mwenye anataka kujaribu programu na kuifuta, inatosha, na sina cha kuongeza. Kuko pia ujanja mumoja mzuri wenye unafaa kwa mutandao mubaya: kuanza na 1, kisha kushuka polepole.

git fetch --deepen=100

Kila mara inaleta hatua 100 za nyuma. Mutandao ukikatika, umepoteza fungu moja tu, si kila kitu. Ukifika ku mwisho unaandika git fetch --unshallow.

Lakini kwa mutu mwenye anatumika kila siku mu ile kodi, siipendi. Historia imekatwa, na Git inajibu kama vile dunia ilianza jana. Unauliza nani aliandika mustari huu, inakuambia ni yule wa hatua ya mwisho, hata kama ni mutu mwingine wa mwaka 2011. Jibu la uongo ni mubaya kuliko kukosa jibu.

Njia ya pili: daftari yote, bidhaa baadaye

Mu 2017 Microsoft ilieleza namna ilipeleka Windows ndani ya Git. Depo moja: karibu faili milioni 3.5, karibu giga 300, wahandisi karibu 4,000. Kuvuta kwa kawaida kulipita saa 12. Na wale ni watu wenye mutandao mwepesi kuliko wote! Kwa hiyo ile shida si ya maskini peke yake, na njo bahati yetu: tajiri akiumwa na meno, dawa inatafutwa mbio. Walitengeneza kwanza programu yao ya pembeni, yenye ilionyesha faili zote kama ziko, na kuzileta wakati tu mutu anazifungua. Kisha wazo likaingia mu Git yenyewe, kwa mikono ya Jeff Hostetler wa Microsoft na Jonathan Tan wa Google, na likatoka mu Git 2.17 ya mwaka 2018. Amri iko hivi:

git clone --filter=blob:none ANWANI

Maana yake: niletee hatua zote na miti yote, lakini bloba hapana, isipokuwa zile za faili za leo zenye nitafungua mu mashini. Daftari muzima, bidhaa za leo tu. Historia haidanganye tena. Unaweza kusoma nani alifanya nini tangu 2005 bila kuongeza mega moja.

Vile bidhaa za zamani hazipo, Git inaandika mu konfigirasio kwamba seva fulani "imeahidi" kuzitoa zikihitajika. Siku unafungua toleo la 2014, inaenda kuomba yenyewe, bila kukuuliza.

Kuko namna zingine. Ukiandika --filter=blob:limit=100k, unapata bloba zote zenye hazifike kilo 100 na kuacha zile kubwa. Kwa depo yenye iko na maandishi mengi na picha kubwa, hii njo naichagua. Ukiandika --filter=tree:0, hata miti ya zamani inabaki ku seva. Hiyo uiachie mashini zenye zinajenga programu na kufuta kila kitu. Mutu wa kawaida akiuliza historia ya faili moja na ile filta, Git itaenda kuomba miti moja moja, na atalia.

Na kama kazi yako iko mu dosie moja tu ya depo kubwa, unaongeza kitu:

git clone --filter=blob:none --sparse ANWANI
git sparse-checkout set docs

Hapa hata faili za leo haziji zote. Zinakuja zile za juu, na zile za dosie ya docs. Mufano, mutu mwenye anatafsiri maelezo ya programu kwa Kiswahili hana haja ya kodi muzima.

Tahadhari moja, na ni ya maana kuliko zote. Seva yenyewe lazima ikubali filta. GitHub na GitLab zinakubali. Lakini seva ya zamani ya chuo ao ya shirika, ikiwa haijue filta, haitakatala. Git itaandika tu mustari mumoja kwamba filta haikujulikana na imewekwa pembeni, kisha itavuta depo yote. Kwa hiyo angalia mistari ya kwanza. Ukiona neno ignoring, bonyeza Ctrl na C kabla mega hazijaenda. Kama ni wewe unasimamia seva, unaifungua hivi:

git config uploadpack.allowFilter true

Pale mwendo unapotea

Sasa tunafika ku shida yenye watu wanakutana nayo wiki ya pili. Wamefuata shauri, wamevuta na filta, dakika tano badala ya saa mbili, furaha. Kisha siku moja wanaandika git blame juu ya faili moja kwa kujua nani aliandika kila mustari, na mashini inakaa kimya. Dakika moja. Dakika kumi. Wanasema filta ni mubaya, wanarudi ku njia ya zamani.

Filta si mubaya. Kilichotokea ni hiki: kwa kujibu, Git inalinganisha toleo la mwisho na la nyuma yake, kisha lile na la nyuma yake, na kuendelea. Kila toleo halipo mu mashini. Basi inaenda ku seva kuomba moja, inarudi, inaona inataka ingine, inaenda tena. Ni kama mama mwenye anapika, anatuma mutoto ku soko kwa ajili ya chumvi, mutoto anarudi, anamutuma tena kwa ajili ya kitunguu, kisha mafuta. Bidhaa ni nyepesi. Njia njo inaua.

Tuhesabu. Kwa kila safari, mashini inafungua mulango mupya: inasalimia seva, wanapatana juu ya siri ya kufunga mazungumzo, kisha Git inaongea, kisha jibu linakuja. Ni kwenda na kurudi mara 4 ao 5. Ofisi nyingi za ndani ya provense zinapita ku satelite yenye iko juu ya kilometre karibu 36,000. Swali linapanda na kushuka, jibu linapanda na kushuka: kilometre 144,000. Hata mwangaza, wenye unakimbia kilometre 300,000 kwa sekunde, unachukua karibu nusu ya sekunde. Mara 4 ao 5, ni sekunde 2 na zaidi kwa bloba moja. Faili yenye matoleo 600 ni dakika 20. Na kununua forfe kubwa zaidi hakubadilishe kitu, juu upana wa njia si urefu wake.

Kuko na hasara ya pili yenye haionekane. Nilisema seva ikifunga muzigo mukubwa inaandika tofauti tu kati ya matoleo. Ukiomba toleo moja peke yake, hakuna kingine cha kulinganisha, basi linakuja lote. Matoleo 600 ya faili ya kilo 50, moja moja, yanaweza kukula mega nyingi. Matoleo yale yale pamoja yanabanwa na kuwa madogo sana. Kwa hiyo kuvuta moja moja kunakula saa na kunakula mega pia.

Wenye wanatengeneza Git walianza kuziba haya matundu tangu mwanzo. Wakati unabadilisha tawi, Git inakusanya kwanza majina ya bloba zote zenye zinakosekana, inaomba mara moja. Tangu 2019, amri ya git diff inafanya vile pia. Kwa maombi haya ya baadaye, Git iliacha yale mazungumzo marefu ya kawaida ya "mimi niko na hiki, wewe uko na kile", juu inajua jina kamili la chenye inataka. Na namna mupya ya kuongea na seva, yenye ilitoka 2018 na ikawa ya kawaida mu Git 2.26 ya Machi 2020, iliondoa tabia moja mubaya: zamani, seva ilianza kila mazungumzo kwa kutaja matawi yote na alama zote za depo, hata kama unataka kitu kimoja. Mu depo yenye matawi maelfu, ile salamu peke yake ilikuwa mega.

Lakini git blame ilibaki na ule ugonjwa wa mutoto wa soko.

Amri ya 2025

Dawa ilikuja mu Git 2.49, mu Machi 2025. Iliandikwa na Derrick Stolee, mumoja wa wale walitumika ile kazi ya depo kubwa Microsoft na GitHub. Unaingia mu dosie ya kazi yako na kuandika:

git backfill

Inatembea mu historia yenye uko nayo, inatafuta bloba zenye hazipo, inazipanga kufuatana na njia ya faili, na kuziomba kwa mafungu. Kwa kawaida fungu moja ni bloba 50,000 ao zaidi. Kuzipanga kwa njia ya faili si pambo: matoleo ya faili moja yanakuja pamoja, basi seva inaweza kuandika tofauti tu. Safari chache, na muzigo mwepesi.

Kwa mutandao wetu, fungu la 50,000 ni kubwa sana. Lipunguze:

git backfill --min-batch-size=500

Kila fungu lenye limefika limefika. Umeme ukienda ku fungu la 12, yale 11 yako salama, na ukiandika amri tena Git inaruka yenye unayo na kuendelea. Angalia vizuri: kile chenye git clone inakatalia, kuendelea pale tuliachia, tumekipata kwa mulango wa nyuma. Kwanza unavuta daftari yenye iko nyepesi, kisha bidhaa kwa mafungu usiku, wakati mega ni bei rahisi. Na kama ulichagua dosie chache na sparse-checkout, git backfill --sparse inavuta historia ya zile dosie tu.

Inaomba Git mupya. Andika git --version uone. Ubuntu 22.04, yenye mashini nyingi bado iko nayo, inakuja na 2.34, kwa hiyo lazima kuongeza Git kando. Waandishi wenyewe wanasema backfill bado ni ya majaribio, ni kusema namna ya kuiandika inaweza kubadilika.

Kuko jambo moja la kufagia. Kila ombi dogo la zamani liliacha kifurushi kidogo mu mashini yako. Vikifika mamia, Git inatafuta kila kitu mu kila kifurushi, na inakuwa nzito hata bila mutandao. Vikusanye:

git maintenance run --task=incremental-repack

Lakini usichanganye na git maintenance start! Ile inapanga kazi za kila saa, na mumoja wao ni kwenda ku seva kuvuta habari mupya kila saa moja. Kwa mutu wa Ulaya ni zuri. Hapa kwetu ni kidole ndani ya mufuko wako, na utashangaa forfe imeisha asubuhi.

Wakati mutandao haupo kabisa

Kopi ya vipande iko na deni. Seva ikikufa, ikifungwa, ao ukiwa Shabunda bila mutandao, vile haukuvuta hauko navyo. Kabla ya kutoka muji, fanya git backfill. Ukitaka kuhakikisha kwamba Git haitaenda nje bila kukuambia, weka GIT_NO_LAZY_FETCH=1 mbele ya amri. Ikikosa kitu itasema makosa, badala ya kula mega kimyakimya.

Na kwa kikundi chochote, iwe chuo, shirika, ao vijana watano wenye wanapanga chumba kimoja, kopi moja lazima iwe nzima. Ofisi zimeibiwa hapa, watu wamekimbia na begi moja. Kazi yenye kila mutu iko nayo nusu inaweza kukosa mwenyewe. Mumoja avute yote pahali penye mutandao uko muzuri, na kuifunga mu faili moja:

git bundle create kazi.bundle --all

Faili hiyo inaingia ku flashi ya kawaida. Ku upande wa pili:

git clone kazi.bundle kazi

Sifuri mega. Baadaye munabadilishana tofauti peke yake. Ikiwa muliweka alama ya mwisho ku hatua yenye wote wako nayo, andika git bundle create mupya.bundle mwisho..main, na faili inaweza kuwa ndogo ya kutuma hata kwa WhatsApp. Isipokuwa musitengeneze bundle kutoka ku kopi ya vipande, juu Git itaanza kuvuta zenye zinakosekana ili ifunge muzigo.

Faida ya bundle ni kwamba, kinyume na clone, ni faili ya kawaida. Ikiwa iko ku seva, unaweza kuivuta na wget -c, na ile inaendelea kweli kweli pale ilikatikia. Watu wa kernel.org wanaweka bundle ya Linux kwa sababu ile ile. Ukimaliza kuivuta, unafungua, unaelekeza ku anwani ya kweli, na unaomba tu siku chache zenye zinakosekana.

Kwa darasa lenye mashini makumi mbili, mashini moja yenye kopi nzima inaweza kuwa seva ya wengine kwa wifi ya ndani bila intaneti hata kidogo. Muiwekee ile allowFilter ya juu. Kitu kimoja cha kukumbuka: mukijaribu filta kwa kutaja dosie ya mashini ile ile, Git inaiweka pembeni. Andika file:// mbele ya njia ya dosie, hapo itakubali.